Nimefungua ufundi wa bunduki wa pati-taimu gereji kwangu Texas, karibuni kazi na maswali

Mkereza:
Wakuu habari za majukumu. Najua humu ughaibuni tumezoea nyuzi za maboksi, nyumba za kupanga na nani anauza dagaa wa Kigoma hapa Dallas, leo nakuja na kitu kingine kabisa na naomba msinicheke.

Kazi yangu ya mchana ni kukereza vyuma, kiwanda cha vipuri, naingia saa kumi na mbili asubuhi natoka saa tisa unusu, huu mwaka wa tisa. Jioni na Jumamosi natengeneza bunduki hapa gereji. Leseni ninayo, ile ya serikali kuu aina ya 01 ambayo ndani yake kuna kuuza na kutengeneza, ila mimi siuzi, mimi fundi tu. Nina mwaka mmoja na miezi kadhaa sasa, wateja wangu karibu wote ni wazungu wa mtaani na wazee wa kazini, nikajiuliza mbona waswahili wenzangu ambao najua kabisa wanazo kabatini hawaji? Ndo nikaandika uzi.

Ninachofanya: kusafisha bunduki iliyoganda, kufunga skopu (darubini ya kulengea) na kuiweka sawa, kubadilisha springi na pini zilizochoka, kuweka saiti mpya kwenye bastola, kukata kitako au kuongeza mpira wa bega ili bunduki imkae mtu mfupi (wake zetu na vijana wanaoanza kuwinda wanapata taabu sana na vitako virefu), kuziba ufa wa kitako cha mbao, na kupima kama bunduki ya urithi iko salama kupigwa au la. Kusafisha naanzia dola 45, skopu 40 ukija na ringi zako za kuishikilia.

Nisichofanya nitasema huko mbele maana najua mtauliza tu.

BabaPendo:
Umetisha mkuu. Yani mtu wa Tabora anawafundisha watu wa Texas bunduki. Naweka kambi hapa.

Mchokozi:
We jamaa usije ukatuletea wazee wa FBI kwenye uzi bure, sisi wengine makaratasi yetu bado yako njiani 😂😂

Mkereza:
Hahaha mchokozi tulia. Kitu cha wazi hakina shida, shida iko kwa wale wanaofanya kimyakimya wakidhani ni kama kutengeneza pikipiki.

Kaka_Mdogo:
Mkuu swali. Mimi jirani yangu huwa namsaidia kubadilisha vitu vidogo kwenye raifo yake ananipa bia mbili tatu. Hiyo nayo inataka leseni?

Mkereza:
Swali zuri sana na ndo watu wengi wanapokosea pande zote mbili. Sheria ni ile ya mwaka 1968, inasema anayehitaji leseni ni yule aliyeingia kwenye BIASHARA ya kutengeneza, yani anaweka muda wake na nguvu zake mara kwa mara kwa lengo la kupata riziki na faida. Anayetengeneza mara mojamoja sheria yenyewe imemtoa. Kwaiyo wewe na bia zako hauko kwenye biashara. Ila siku ukianza kubandika tangazo, una bei, watu usiowajua wanakuja na bahasha ya hela mkononi, hapo usijidanganye kwamba ni hobi. Mimi nilipoona watu watatu wa kazini wameniletea ndani ya mwezi mmoja na wote wanataka kulipa nikawarudishia bunduki zao nikasema ngojeni kwanza. Wakanuna. Mmoja hajarudi mpaka leo.

DadaWaIrving:
Na gharama ya hiyo leseni? Isije ikawa kama ya daladala, ya halali bei juu kuliko ya njia ya panya.

Mkereza:
Dada utashangaa, leseni ndo kitu rahisi kuliko vyote. Dola 200 kwa miaka mitatu ya kwanza, kuhuisha dola 90 kwa miaka mitatu mingine. Unajaza Fomu 7, unaweka alama za vidole, picha, nakala nyingine unampelekea mkuu wa polisi au sherifu wa eneo lako kama taarifa. Hapo anakuja mkaguzi wa ATF, ile idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, anakaa na wewe anakuhoji. Wangu alikuwa mama mmoja mtaratibu sana, tulikaa meza ya kulia chakula, mke wangu akamkaangia maandazi, akakataa, akasema haruhusiwi kupokea kitu, mke wangu mpaka leo ameweka moyoni lile jambo. Sheria inawapa siku 60 kuanzia fomu ikiwa imekamilika vizuri.

Ngumu iko kwenye mji wako. Yani huwezi kupata leseni ya nyumbani kama sheria za mji wako za matumizi ya ardhi haziruhusu hiyo biashara hapo ulipo. Apatimenti sahau, mwenye nyumba hawezi kukubali. Mimi nyumba ni yangu lakini ilibidi niende ofisi ya mji mara nne. Mara ya kwanza yule kijana wa kaunta aliposikia neno bunduki na lafudhi yangu akaniambia haiwezekani, hakufungua hata kitabu. Nikarudi na kanuni zao nimezichapisha nimepigia mstari pale panaposema biashara za nyumbani zisizo na wafanyakazi wa nje, zisizo na bango na zisizojaza magari barabarani. Mara ya nne nikakutana na mtu mwingine kabisa, dakika kumi na tano nimemaliza.

Na ile jumuiya ya wenye nyumba wa mtaa nayo ina kanuni zake, soma kabla hujalipa chochote. Halafu bima. Bima ya nyumba haigusi biashara ya aina hii, ilibidi nichukue ya pekee na kwa mwaka mmoja tu imenila kuliko leseni ya miaka mitatu. Bila bima mi singeshika hata skrubu ya mtu, mtutu ukimpasukia mtu mkononi atasema fundi.

Nyika254:
Mimi ni Mkenya niko huku Houston. Swali langu ni hili, uliisomea wapi hii kitu? Ama ni YouTube tu?

Mkereza:
YouTube inanilisha mimi kaka lakini sio kwa namna unayofikiria. Wateja wangu robo nzima ni watu walioangalia video ya dakika nane wakafungua bunduki, halafu ananiletea vipande kwenye mfuko wa nailoni kama amebeba nyanya. Nilishaletewa Ruger 10/22 ndani ya ndoo ya aiskrimu. Pini moja haipo, tukaikuta kwenye zulia la sebuleni kwake baada ya wiki, mbwa alikuwa ameshailamba.

Shule zipo za kweli. Colorado kuna Trinidad State, North Carolina kuna Montgomery Community College pale Troy, Arizona kuna Yavapai mji wa Prescott. Mimi na familia na mogeji ningeenda wapi miaka miwili, nikachukua kozi fupi za kiangazi chuo cha Murray State pale Tishomingo, Oklahoma, ni mwendo wa kama masaa mawili tu kutoka hapa kwetu. Likizo zangu zote za miaka mitatu zimeishia Tishomingo. Wenzangu wanapeleka watoto baharini mimi nakaa darasani na wazee wastaafu napiga tupa.

Maana siku ya kwanza tulidhani tutashika mashine kubwa, mwalimu akagawa tupa na kipande cha chuma akasema kifanye kiwe mraba. Siku nzima. Mimi na miaka yangu yote ya kukereza kwa kompyuta nilitoa kitu kama muhogo uliochongwa na mtoto. Hapo nikamkumbuka babu.

BabaPendo:
Babu tena? Endelea mkuu usituache njiani.

Mkereza:
Babu yangu mzaa baba alikuwa mhunzi, Urambo. Hiyo wilaya imebeba jina la Mirambo mwenyewe, yule mtemi aliyefariki 1884, rugaruga wake, yani wapiganaji wake, walipigana kwa magobole yaliyoletwa na wafanyabiashara. Sasa bunduki zikishaingia kijijini na duka la vipuri halipo nani anatengeneza? Mhunzi. Anayetengeneza jembe ndo huyohuyo anayekunja springi ya gobole. Babu niliwahi kumuona nikiwa na miaka kama saba, anachukua kipande cha springi ya gari, anakichoma, anakigonga, anakitumbukiza kwenye mafuta, halafu anakichoma tena kidogokidogo mpaka rangi inakuwa kama bluu ya shingo ya kanga, hapo ndo anasema imeiva. Nilikuwa sielewi. Tishomingo mwalimu akaonyesha chati ya rangi za chuma, manjano, zambarau, bluu, na joto la kila rangi kwa digrii, nikabaki nimeduwaa, babu alikuwa na chati hiyohiyo kwenye macho yake bila karatasi.

Mtu_wa_Sikonge:
Aisee umenigusa. Kwetu huku watu bado wana magobole ya kuwindia, ila siku hizi ukishikwa nalo bila kibali ni kesi nzito, sheria ya silaha ya 2015 haina utani. Na serikali kila mara inatangaza watu wasalimishe kwa hiari. Mjomba alisalimisha la baba yake. Alitembea nalo mpaka kituoni limefungwa kwenye kanga kama maiti.

Mkereza:
Na alifanya vizuri. Ndugu zangu wa nyumbani msisome huu uzi mkaona ni ruhusa, huko ni sheria nyingine kabisa. Mtu aliniandikia inboksi kutoka Mpanda anataka nimuelekeze kwenye simu jinsi ya kufufua gobole la marehemu. Nimemjibu apeleke polisi. Amenitukana matusi ya Kinyamwezi safi kabisa ambayo sijayasikia tangu niondoke nyumbani, karibu nimshukuru.

Nyika254:
Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hivyo mtu wa kawaida akiona bunduki anajua ni polisi, ni askari wa wanyama ama ni mwizi. Nikiwa mkweli, mimi hadi leo jirani akitoa ile kitu yake kwa gari natoka jasho. Sikuelewi vile unaweza kulala na bunduki za watu kwa nyumba na una watoto.

DadaWaIrving:
Nakazia swali la Nyika. Mimi ni nesi, nimeona mambo. Watoto unawafanyaje?

Mkereza:
Hili nalijibu kwa urefu maana ni mke wangu aliyeniuliza kabla yenu, na alinipa masharti kabla sijanunua hata bisibisi.

Gereji nimeigawa kwa ukuta, chumba cha kazi kina mlango wake wa chuma na ufunguo mmoja, uko shingoni kwangu. Ndani kuna sefu iliyofungwa kwenye zege kwa bolti nne. Bunduki ya mteja haivuki usiku nje ya sefu, hata kama nimeifungua vipande kumi na mbili, vipande vinaingia kwenye trei, trei inaingia sefuni. Risasi za moto HAZIINGII kwenye chumba kile kabisa. Ukija na bunduki na boksi la risasi, boksi linabaki kwenye gari lako. Kujaribu kama bunduki inalisha na kutema ganda natumia risasi za bandia, za plastiki ya rangi. Kupiga kweli nakwenda uwanja wa shabaha.

Na pale mlangoni kuna ndoo ya mchanga. Mteja akifika, kabla ya salamu ya pili, bunduki inaelekezwa kwenye mchanga, naifungua mimi, natazama kwa macho halafu naingiza kidole. Sentensi ya hatari kuliko zote kwenye hii kazi ni "hii haina kitu". Nimeshaambiwa hivo mara tatu na ndani mna risasi. Ya tatu alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mwindaji wa tangu utoto, alipoona ile risasi imedondoka mezani alikaa kwenye kiti akanyamaza muda mrefu, halafu akasema hiyo bunduki ilikuwa imesimama nyuma ya mlango wa chumba cha wajukuu tangu Pasaka.

Nyika sikulaumu kwa kutoka jasho. Mimi sio kwamba naipenda bunduki kama wenyeji wanavoipenda, hapana, mi napenda mashine. Lakini zipo, kila nyumba hapa mtaani inayo, na iliyoharibika mikononi mwa mtu asiyejua inanitisha kuliko nzima.

Nyika254:
Hapo kwa mzee wa wajukuu nimekuelewa. Kukubali sijakubali, lakini nimekuelewa.

Mchokozi:
Sasa tuje kwenye hela. Inalipa au unajifurahisha tu?

Mkereza:
Ukweli mtupu: kama unatafuta utajiri rudi kwenye Uber.

Hapa Texas msimu wa njiwa unaanza tarehe 1 Septemba upande wetu huu wa kaskazini, na wa kulungu unaanza Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Kwaiyo bunduki imekaa kabatini miezi kumi, mtu anaikumbuka wiki ya mwisho ya Agosti. Wiki hiyo simu hailali. Shotigani zimepuliziwa dawa ya kopo mwaka hadi mwaka, zile oili zimeganda ndani zimekuwa nzito na nyekundu kama asali ya Tabora, pampu haiendi mbele wala nyuma. Remington 870, Mossberg 500, hizo ndo mkate wangu. Oktoba ni skopu, skopu, skopu. Watu wanakaza skrubu za ringi kwa hasira kama anafunga tairi ya lori, mpaka mrija wa skopu unabonyea, wakati ringi nyingi zinataka nguvu ya kukaza ya inchi-paundi kati ya 15 na 20 tu, ndo maana nina bisibisi maalum ya kupima nguvu, dola sitini na imeshajilipa mara ishirini.

Baada ya Krismasi mpaka Aprili kimyaaa. Mwaka jana Februari nilipata kazi mbili. Mbili.

Na kumbuka hapa Texas kutengeneza kitu cha mtu nako kunatozwa kodi ya mauzo, huku kwetu 8.25%, kibali cha kukusanya ni bure ila usipowasilisha utajuta. Ukitoa kodi, bima, vifaa, gesi ya kwenda uwanja wa shabaha, mwaka wa kwanza nilibaki na hela ya kununua tiketi moja ya ndege ya kwenda nyumbani. Moja, na tuko watano. Mke wangu akauliza tumpeleke nani.

Kaka_Mdogo:
😂😂😂 aende sefu

Mkuu umesema kuna kazi unakataa, zitaje.

Mkereza:
Haya. Hii ndo nusu ya kazi yenyewe yani, kukataa.

Kuna kijana alikuja na shotigani nzuri kabisa anataka nimkatie mtutu uingie nyuma ya kiti cha trak. Nikapima, ukikata anapotaka unabaki na inchi 16. Shotigani ikishuka chini ya inchi 18 na raifo chini ya 16, hapo umeingia kwenye sheria ya mwaka 1934, ni silaha ya kusajiliwa kabla hujaigusa na msumeno. Akasema "si inchi mbili tu". Ndugu yangu hizo inchi mbili ni miaka jela, yangu na yake.

Wapo wanaoulizia kale kadude ka kuifanya bastola iteme risasi mfululizo. Hao hata sijibu, nafunga mlango. Hiyo inahesabiwa kama bunduki ya rashasha, kifungo mpaka miaka kumi, hata kama hujawahi kuipiga.

Wapo wanaotaka trigga iwe laini mno, "nikiigusa tu ilie". Naweza kuisafisha na kuipunguza uzito mpaka kipimo cha kiwandani, zaidi ya hapo tafuta mwingine.

Kuna zile za urithi. Mama mmoja alileta raifo ya marehemu baba yake, ya kijeshi ya zamani iliyobadilishwa mtutu na mtu asiyejulikana miaka hiyo, mwanae anataka kuwindia. Kuna geji tatu za kupima nafasi ambayo risasi inakaa kati ya uso wa bolti na pale chemba inapoizuia. Ya kwanza bolti lazima ifunge, ya pili isifunge, ya tatu ikifunga ujue bunduki imekwisha. Yake ilifunga zote tatu kama mlango wa choo. Ukipiga hiyo ganda linaweza kupasuka na moto ukarudi usoni. Nikamwambia mama hii itundike ukutani na picha ya mzee pembeni. Akalia. Sikuchukua hela.

Mtoto_wa_Lubumbashi:
Jambo bandugu. Miye niko mukongomani wa hapa Fort Worth. Kwetu kule mashariki bunduki ilitukimbiza kwetu, mi ni refugee, nilifika na green card nikapata kisha mwaka moja. Nauliza tu, muntu kama mimi sheria inaruhusu kuwa na leseni ya fundi? Sisemi nataka, nauliza.

Mkereza:
Karibu sana ndugu. Mwenye green card, yani ukaazi wa kudumu, anaruhusiwa kumiliki na anaruhusiwa kuomba leseni pia, nami niliomba nikiwa na green card, uraia umekuja baadae. Wasioruhusiwa ni wasio na makaratasi kabisa, na walio hapa kwa viza za muda, mwanafunzi, mtalii, viza za kazi, hao hata kushika ni kosa isipokuwa vighairi vichache kama mwenye leseni halali ya kuwinda ya jimbo. Wanafunzi mnaosoma hapa nisikieni vizuri, kwenda uwanja wa shabaha na washkaji kupiga picha za Instagram kunaweza kukufukuzisha nchi. Muulizeni mwanasheria kabla, sio mimi.

Mtoto_wa_Lubumbashi:
Aksanti sana. Bibi yangu akisikia nimeuliza hii atanipika.

BabaPendo:
Mkuu na ukaguzi je? Wanakuja?

Mkereza:
Wanaruhusiwa kuja mara moja kila miezi 12 bila hati ya mahakama. Wakija hawaangalii ufundi wako, wanaangalia KITABU.

Kila bunduki inayolala kwangu inaandikwa: imeingia lini, aina, modeli, siriali namba, ya nani, anwani. Ikitoka naandika imetoka lini kwa nani. Ukisubiri hapohapo nikamaliza, au nikakurudishia siku hiyohiyo, haiandikwi. Ndo maana kazi ndogo napenda mtu akae anywe chai. Nimesikia mafundi wazuri sana wamepoteza leseni sio kwa sababu ya bunduki kulipuka, ni kwa mistari mitupu kwenye kitabu.

Sasa kasheshe yangu. Mteja wangu mmoja, tuseme jirani, aliacha bastola Alhamisi ya kuwekwa saiti. Jumamosi anamtuma mke wake aichukue. Mke nimemjua miaka, watoto wetu wanasoma basi moja. Nikamwambia shemeji siwezi kukupa. Kumrudishia mwenyewe aliyeleta hakuna fomu yoyote, lakini kumpa mtu mwingine, hata mkewe wa ndoa, ni kama nimemhamishia silaha, lazima ajaze fomu 4473 na apitie uchunguzi wa rekodi zake. Alinitazama kama nimemwita mwizi. Akapiga simu mumewe akaanza kufoka kwenye spika, eti unamjua mke wangu tangu lini humwamini. Nikasema namwamini kuliko wewe, ila hayumo kwenye kitabu.

Ilikuja kujulikana baada ya miezi kwamba wiki ile walikuwa kwenye ugomvi mkubwa. Sijui nani alitaka ile bastola kwa ajili gani na sitaki kujua. Sa hivi wameachana. Wote wawili bado wananisalimia.

DadaWaIrving:
Duh. Nywele zimesimama.

Mchokozi:
Hapa hata mimi utani umeniisha.

Mtu_wa_Sikonge:
Na bunduki isiyo na namba je? Ukiletewa?

Mkereza:
Nilikuwa nasubiri hii. Ikiwa namba imekwanguliwa, hiyo hata kuwa nayo ni kosa la jinai, usiipokee, usiiweke sefuni "kwa muda". Lakini zipo ambazo hazikuwahi kuwa na namba. Kabla ya 1968 shotigani nyingi na raifo ndogo za .22 zilitoka kiwandani bila namba yoyote na ni halali kabisa mpaka leo. Kwaiyo mzee wa shamba anakuja na shotigani ya mtutu mmoja ya baba yake, hakuna namba, unatokwa jasho. Unachukua lenzi unatazama chuma. Mkwanguo unajulikana, tupa inaacha michirizi hata mtu aking'arisha vipi, mwanga ukilala ubavuni unaiona, na rangi ya chuma pale inakuwa tofauti na kwingine. Isiyokuwa na namba tangu mwanzo uso wake umezeeka sawasawa kote. Ile ilikuwa safi. Kwenye kitabu sehemu ya siriali nikaandika "haina", nikabadilisha springi ya nyundo. Springi niliikunja mwenyewe kwa mkono maana kiwanda kilishakufa. Niliichoma mpaka ikafika bluu ya shingo ya kanga.

BabaPendo:
Babu huko aliko anatabasamu.

Mkereza:
Au anasema nimeichoma sana. Alikuwa hasifii mtu yule.

Kaka_Mdogo:
Basi mkuu umenishawishi, mi ninayo raifo ya .270 niliinunua kwa mzungu wa kazini, skopu inacheza. Nikija Jumamosi hii saa nne utakuwepo?

Mkereza:
Saa nne ya kwetu au ya kizungu? Wiki iliyopita mtu kaniambia saa nne nikamsubiri asubuhi nzima kaja jioni nishavaa suti ya harusi.

Kaka_Mdogo:
😂 ya kwetu. Saa kumi yao.

Mkereza:
Poa. Bolti itoe kabisa uiweke begi tofauti, risasi acha nyumbani, na uje wewe mwenyewe usimtume shemeji.